STAA ANATAFUTA KIKI, BODA WA SENGEREMA ANAPIGA KIKI, KISA WAYA WA BETRI

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, mwenye asili ya Kanda ya Ziwa na anayevaa miwani ya jua hata saa nne usiku. Huyu bwana aligawa pikipiki kwa vijana wa Sengerema. Kamera zikawaka, mama mmoja akalia, komenti za "Mungu akubariki bro" zikajaa mpaka basi.

Kitu ambacho video haikusema ni kwamba pikipiki hazikugawiwa. Ni za mkataba. Hesabu elfu kumi kila siku, mvua inyeshe jua liwake, mpaka siku zitimie ndo chombo kiwe cha kijana.

Sawa, mkataba siyo dhambi. Boda nyingi za nchi hii ziko kwenye mkataba na watu wanajenga nyumba kupitia humo humo. Ishu ni kipengele kimoja kilichochomekwa ndani: dereva haruhusiwi kugusa waya wowote wa chombo. Taa ikizima, selfu ikigoma, honi ikinyamaza, apeleke kwa fundi wa bosi. Na fundi wa bosi yuko Mwanza mjini, ng'ambo ya ziwa. Yaani pikipiki imekufa pale Sengerema stendi, kijana aitafutie usafiri mpaka Kamanga apande kivuko, au aizungushe kwa daraja la Kigongo–Busisi, kisa nati ya betri imelegea.

Ndivyo ilivyotokea. Dereva mmoja pikipiki yake ilianza uhuni taratibu. Selfu inalia "tik tik" halafu kimya. Akawa anapiga kiki, inawaka. Siku ya tatu hata kiki ikawa ya kubahatisha, na taa ya mbele inafifia kila akishika breki. Usiku huo huo, geto kwake, akafungua kava la pembeni akamulika na tochi ya simu. Kichwa cha waya wa betri kimeota unga mweupe na kijani kama mkate uliolala, nati inacheza kwa kidole. Akasafisha, akakaza, akaunga waya mmoja uliokuwa umekatika nyuzi, akafunga tepu nyeusi. Asubuhi selfu moja tu, ikawaka.

Wiki iliyofuata msimamizi wa staa akapita kukagua, akaona tepu. Pikipiki ikachukuliwa siku tatu kwa kosa la "kuchezea mfumo wa umeme". Na hesabu za hizo siku tatu kijana akadaiwa, elfu thelathini, pikipiki ikiwa mikononi mwa wanaomdai!

Halafu staa akaingia laivu. Akasema boda kazi yake ni kuendesha, mambo ya umeme waachiwe wenye elimu yao. Mashabiki wakapiga makofi ya emoji.

Sasa wadau, tuwe serious kidogo. Elimu gani inahitajika kukaza nati? Spana namba 10 au bisibisi ya nyota, msasa kipande, mswaki uliozeeka. Umeme wenyewe ni volti 12, siyo nguzo ya TANESCO. Hauwezi kumrusha mtu. Kinachoweza kuumiza ni vitu viwili: shoti, ambayo inachemsha waya mpaka kuyeyuka, na ile asidi ya ndani ya betri. Vyote viwili vina namna yake ya kuvikwepa, na anayezijua ni yeyote aliyefundishwa mara moja.

Namna yenyewe: chombo kinazimwa, ufunguo unatolewa, unaanza kufungua waya wa hasi, mara nyingi ni mweusi au wa kijani. Kwa nini hasi kwanza? Kwa sababu hasi imefungwa kwenye bodi ya pikipiki. Ukianza na chanya halafu spana ikagusa fremu, hapo umepiga shoti kwa mkono wako mwenyewe, cheche zinaruka sentimita chache kutoka kwenye tangi la petroli. Ukitoa hasi kwanza, spana inaweza kugusa fremu inavyotaka. Kurudisha ni kinyume: chanya kwanza, hasi mwisho. Ule unga unaoshwa na maji ya moto yenye magadi kidogo, haya haya ya kulainishia makande, kwa sababu magadi yanaua asidi. Yasiingie tu ndani ya betri. Halafu msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi juu kuzuia unyevu. Mikono inanawa. Na sigara inakaa mbali, maana betri ikichajiwa inatoa haidrojeni, na haidrojeni inalipuka.

Hiyo ndo "elimu yao". Nusu saa, na hapo umekaa kwenye kigoda.

Waya uliokatika nao una adabu yake, na hapa wengi wanakosea kweli. Kusokota nyuzi mbili na kuzungushia tepu ni kufika nyumbani tu, siyo matengenezo. Pikipiki inatikisika kutwa nzima kwenye vumbi na makorongo, injini inatoa joto, gundi ya tepu inayeyuka, tepu inateleza, nyuzi zinabaki uchi. Waya uungwe kwa lehemu au kwa kiungio cha kubana na plaizi, uvishwe kile kimpira kinachonywea kikipata moto, na unene wake ulingane na wa zamani. Waya mwembamba kwenye njia ya selfu ni jiko la mkaa. Pa kuangalia kwanza ni shingo ya usukani, maana kila ukikata kona waya za pale zinakunjwa, mpaka siku moja zinasema basi.

Ila hapa ndo utamu wa stori. Unajua nani alianza kuchezea umeme wa zile pikipiki? Timu ya staa mwenyewe! Kabla ya kukabidhi walifunga spika na taa za disko ili kila kijiwe kisikie ngoma zake. Waya umetoka spika moja kwa moja mpaka kwenye betri, bila fyuzi, umebanwa juu ya terminali kwa kusokotwa. Nati ikishindwa kukaa vizuri hapo, alaumiwe nani? Betri za pikipiki hizi ni ndogo, nyingi kati ya ampea-saa 5 na 9. Spika na taa zikila ampea 3 injini ikiwa imezimwa, betri ya ampea-saa 6 inaisha kwa saa mbili kwenye karatasi, na kiuhalisia selfu inagoma mapema zaidi. Kwa hiyo kijana anatangaza albamu ya bosi bure kijiweni, betri inakufa, bosi anatafuta kiki mtandaoni, kijana anapiga kiki barabarani.

Tusiwaache na wale wa upande wa pili. Kuna mwalimu mmoja wa TikTok, wafuasi kibao, anafundisha boda kufunga karatasi ya fedha ya pakti ya sigara badala ya fyuzi iliyokatika. Huyo naye ni janga. Fyuzi imewekwa ikatike ili waya usiungue. Ukiweka karatasi ya sigara, siku shoti ikija kinachoungua ni waya zote zilizo chini ya tangi la mafuta. Fyuzi ni kitu cha bei ya soda, na ikikatika mara mbili maana yake kuna waya umechubuka mahali, utafutwe. Watu kama huyu ndio wanaompa staa kisingizio cha kusema boda wote wanachoma vyombo.

Mafundi nao wananung'unika kwamba wataishiwa kazi. Hapana jamani. Betri ikiwa safi na waya zimekaza, halafu injini inanguruma na mita haifiki hata volti 13, hapo chaji haiingii. Koili au rektifaya hiyo, apelekewe fundi, na alipwe vizuri. Nani ataisuka koili kitandani? Tunaongelea nati na kutu.

Na tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, boda wanavuka usiku na mchana, malori ya Geita yako nyuma yao. Pikipiki isiyo na taa ya nyuma katikati ya daraja la kilomita 3 haisubiri fundi wa ng'ambo.

Staa, mtandaoni unapatikana dakika zote, kwa hiyo hili utaliona. Kijana anadai elfu thelathini yake. Kipengele kifutwe. Na spika zako ukaja kuzitoa, lete fyuzi tatu tatu kwa kila dereva, ni bei ya miwani yako moja na chenji inabaki.