"Itaingia" si Jibu

Wasee wa gari zilizoinuliwa, leo tutakosana. Rimu yako ina upana gani? Sijauliza ile 16 au 17 unayopenda kutaja. Hiyo ni kipenyo. Nauliza upana. Wengi wenu hamjui, na bado mmeshafunga tairi za 285 na kupiga picha Ngong.

Sijitoi. Anko wangu aliinua Hilux yake inchi 2, akaivalisha 285/75R16 juu ya rimu zilezile za zamani, upana inchi 7. Mimi ndiye nilikuwa nashika kamera. Tuliuliza dukani kama zitakaa sawa, tukajibiwa, "Itaingia, boss." Na kweli iliingia. Video ikatazamwa sana, komenti zote moto, hakuna hata mmoja aliuliza habari ya rimu.

Shida ni hii: tairi ya 285/75R16 inataka rimu ya inchi 7.5 hadi 9. Ukiibana kwenye nyembamba, mbavu zinavutwa ndani na uso wake unavimba kama mgongo wa samaki. Inakanyaga barabara na katikati tu. Umelipia upana ambao haugusi lami! Na usiniambie utapunguza presha ndio ilale vizuri. Ukishusha sana, ubavu unajikunja kila mzunguko, unapata joto, na joto ndilo linaua tairi.

Sasa ongeza kuinua gari. Uzito umepanda juu, kwa hivyo kwenye kona gari inalalia tairi za nje zaidi. Hapo ndipo unahitaji ubavu uliosimama imara, na wewe umeweka unaoyumba.

Anko aligundua akishuka Mai Mahiu kwenye mvua, shangazi na watoto wakiwa ndani. Alikata kona, gari ikachelewa kufuata usukani. Walifika salama. Jioni tukaangalia zile tairi: kando bado mpya, katikati upara. Aliniuliza swali moja, "Kijana wangu, si wewe ndiye ulisema ziko fiti?" Sikuwa na la kusema.

Na nyinyi wa rimu pana, msicheke. Tairi ya 265/75R16 inataka inchi 7 hadi 8. Ukiitandaza kwenye rimu ya inchi 10, mbavu zinalala nje, jiwe linagonga chuma moja kwa moja, na ukishusha presha kwenye mchanga ni rahisi tairi kuvuka na kutoka kwa rimu.

Kuna wa kusema, "Mimi nimeendesha hivyo miaka 3, hakuna kitu." Sawa. Hata anko angesema hivyo mpaka ile kona. Mwingine atasema rimu ni ghali. Kweli, lakini basi usinunue 285! Ile 265/75R16 ingekaa kwenye rimu za anko bila shida yoyote. Tofauti ni milimita 20. Tulihatarisha familia nzima kwa milimita 20 za kuonekana kwa kamera.

Kuangalia ni bure. Tafuta maandishi kwenye rimu, mara nyingi upande wa ndani: 16x7J maana yake upana ni 7. Ukipima na tepu, pima pale tairi inapokalia. Ukipima kutoka ukingo hadi ukingo wa nje utapata karibu inchi nzima ya uongo. Halafu linganisha na jedwali la mwenye kutengeneza tairi.

Wenye maduka, mteja akiuliza, mpe namba. Na sisi wa kamera, kama hatuwezi kutaja upana wa rimu kwenye video, tuache kuambia watu gari iko fiti. Nimeandika hivyo chini ya ile video yangu, juu kabisa ya komenti. Nilipaswa kuandika siku ileile.