Mchwa wa Udongo Hana Kesi na Mlango Wako

Majuzi nilikuwa Gatina, kule Kawangware, kumjulia hali dada yangu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na vijana wa ploti walikuwa wakichimba mtaro ili maji yasiwaingilie nyumbani. Dada nilimkuta amefura kwa hasira. Mchwa walikuwa wamekula fremu ya mlango wake hadi ikabaki ganda, naye tayari alikuwa ameshika pakiti ya dawa.

Mara mwanawe, ambaye yuko shule ya sekondari, akaingia na bonge la udongo mwekundu kutoka mtaroni.

"Mama, wengine hawa hapa!"

"Walete tuwamalize," dada akasema.

Nikaomba tuwatazame kwanza. Walikuwa wadogo, laini, weupe kichwani, lakini matumbo yao yalikuwa meusi-meusi kwa udongo uliokuwa ukionekana kupitia ngozi. Hatukuona askari hata mmoja. Wale wa mlangoni walikuwa na askari wenye vichwa vikubwa na taya za kung'ata.

"Mjomba, hawa wanaitwaje?" kijana akaniuliza.

Swali hilo ndilo limenifanya nishike kalamu leo.

Ulimwenguni kuna takriban spishi 3,000 za mchwa zinazojulikana, na ni sehemu ndogo tu inayomsumbua binadamu. Kumbikumbi tunaowala, ambao Waluo huwaita ngwen, wengi hutoka katika makundi yanayolima kuvu ndani ya vichuguu. Wapo wanaokula mbao na nyasi. Halafu wapo wanaokula udongo wenyewe. Hawa hutafuta mabaki ya majani na mizizi iliyokwisha kuoza na kuchanganyika na udongo. Chakula hicho ni kigumu kusagika, ndiyo maana sehemu moja ya utumbo wao ina ukali wa magadi unaozidi 12 katika kipimo cha pH. Ni wanyama wachache mno wanaofikia ukali huo tumboni!

Mlango wako hawana haja nao. Kazi yao ni kuugeuza udongo na kuutoboa ili maji na hewa vipite. Tena ni wanyonge. Utafiti uliofanywa katika msitu wa Mbalmayo nchini Cameroon miaka ya 1990 ulionyesha kwamba msitu ukifyekwa, wala-udongo ndio wanaoumia zaidi.

Sasa turudi kwenye swali la kijana. Mdudu hupataje jina?

Tuchukue mfano wa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mnamo 1905 na 1906, mtaalamu wa Uswidi aitwaye Yngve Sjöstedt aliongoza msafara wa kukusanya wanyama katika milima ya Kilimanjaro na Meru. Miongoni mwa mchwa aliowaeleza ni mmoja aliyempa jina la mlima, kilimandjaricus, mwaka 1907. Mchwa huyo hula udongo na hana askari. Miaka 65 baadaye, mwaka 1972, Mwingereza W. A. Sands alichapisha uchunguzi wake kuhusu mchwa wa Afrika wasio na askari, na leo mdudu huyo anaitwa Alyscotermes kilimandjaricus. Jina la kwanza, yaani la ukoo, lilibadilika, lakini lile la mlima likabaki. Sheria ya majina ya wanyama, inayohesabu kuanzia kazi ya Linnaeus ya mwaka 1758, humlinda aliyetangulia kuchapisha.

Kwa nini kazi ichukue miaka mingi hivyo? Mchwa wengi hutambuliwa kwa kichwa na taya za askari. Pasipo askari, mtaalamu hulazimika kumpasua mfanyakazi mdogo kuliko punje ya mchele, akautazama utumbo wake kwa darubini, hasa mahali ambapo pana kama mlango wenye miiba midogo. Kisha hupima kichwa na miguu, huchora, na siku hizi hulinganisha pia chembe za urithi. Baadaye hulinganisha na sampuli za zamani zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Akiridhika kwamba huyu hajawahi kuelezwa, huchagua mdudu mmoja awe kielelezo kikuu, humhifadhi katika jumba la makumbusho, na kuchapisha maelezo yake pamoja na jina. Bila kuchapisha, hakuna jina.

Wala usidhani ni kazi ya Wazungu peke yao. Mwaka 2003, Mkenya Hamadi Boga na wenzake walieleza spishi mpya ya bakteria kutoka utumbo wa mchwa mla-udongo. Waliiita Sporomusa aerivorans, maana yake mla-hewa, kwa sababu inaweza kuitumia oksijeni ilhali jamaa zake hujulikana kwa kuikwepa. Boga alikuja kuwa Katibu katika Wizara ya Kilimo.

Je, mchwa wa mtaro wa Gatina ni wapya? Msomaji, hilo si la kujibiwa kwa macho matupu, wala mimi sikumdanganya kijana. Nilimwambia atie kumi katika chupa ndogo yenye spiriti, aandike mahali, tarehe, kina cha mtaro na jina lake. Aandike kwa penseli, kwa maana wino huyeyuka katika spiriti, na sampuli isiyo na maandishi ni maiti tu. Likizo ikifika ataipeleka kwa wataalamu wa wadudu katika Makavazi ya Kitaifa.

Dada naye alitusikiliza akiwa ameshika kiuno. Mwishowe akatia dawa kwenye fremu peke yake, na lile bonge la udongo likarudishwa kando ya mtaro.

"Lakini wakija mlangoni, mimi sijui Kilatini," akatuonya.

Ana haki. Mlango ni pesa. Lakini wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Mdudu asiye na jina hawezi kuhesabiwa, na asiyehesabiwa hakuna atakayejua siku alipotoweka. Basi mzazi, mwanao akikuletea mdudu mkononi, kabla ya kufikia dawa, muulize kwanza amemtoa wapi.