Kitanda cha Simba

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hutajwa aghalabu pale mtu anapotaka kumnyamazisha mwenzake, na mjadala hukomea papo hapo. Je, maana yake ni kwamba nafsi haijulikani ila na mwenyewe? Kisa kimoja cha Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, chaonyesha kuwa mambo si mepesi hivyo.

Boma la akina Richard Turere lilipakana na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi upande wa kusini, usio na ua, na simba walizoea kuwavizia ng'ombe usiku. Kijana huyo, akiwa na umri wa miaka 11, aliwasha moto kwanza. Kumbe moto uliwamulikia simba zizi. Akasimamisha sanamu ya kutishia. Siku ya kwanza simba walirudi nyuma. Ya pili walikwisha kung'amua kuwa sanamu haisogei, wakaua. Hatimaye, akizunguka zizi na kurunzi, alitambua kuwa simba huogopa nuru inayotembea. Kwa betri ya gari, paneli ya sola na kifaa cha indiketa cha pikipiki, akaunda taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu, simba akadhani mtu anatembea. Mwaka 2013 aliyasimulia hayo jukwaani nchini Marekani.

Hakukilalia kitanda cha simba. Alikisia, akakosea, akarekebisha. (Simba nao, isisahaulike, walikuwa wakimsoma yeye.)

Kigumu zaidi ni nafsi yake mwenyewe. Alieleza kuwa hapo awali aliwachukia simba. Chuki hiyo ilitoweka hasara ilipokoma, ilhali simba ni walewale. Huenda basi alichokiita chuki kilikuwa hofu ya kupoteza mifugo aliyokabidhiwa. Asemaye "nachukia" naye anaifasiri nafsi yake, na fasiri yaweza kupotoka. Ndiyo maana Kazimoto katika *Kichwamaji* (1974) cha Kezilahabi, ajapojisimulia mwenyewe, hubaki fumbo. Mhakiki anayeyapokea maneno yake yote kuwa ushahidi hujidanganya.

Juni 2012, wenyeji wa Kitengela waliwaua simba sita waliokuwa wamevamia zizi la mbuzi. Waliokuwa mbali walikata kauli upesi: hawa ni maadui wa wanyamapori. Lakini mkuki mmoja waweza kurushwa kwa chuki, kwa hofu, au kwa kukata tamaa ya fidia. Kuzitofautisha nia hizo kungehitaji zizi litiwe taa, fidia ilipwe, kisha ingojwe kuonekana kama mkuki utainuliwa tena.