Kumsengenya Mama kwa Kiingereza

Kuna kauli inazunguka kwenye warsha zetu za uandishi, na kila mwezeshaji huitoa kana kwamba ameigundua yeye: yaliyokupata ni mali yako, yaandike. Nimeisikia Dar es Salaam, nimeisikia Nairobi, nimeisikia kwenye mafunzo ya mtandaoni nikiwa nimekaa juu ya ndoo uani, kwa sababu ndiko intaneti inakokamata. Niliiamini. Leo naipinga, na msomaji ajue mapema kwamba siandiki kama mtu msafi.

Naishi Mbagala, chumba na sebule. Kinachonilisha ni tafsiri: maelekezo ya dawa za mifugo, ripoti za miradi, mara mojamoja tangazo la mkopo wa simu lenye vigezo na masharti kurasa sita. Yangu naandika alfajiri, kabla jirani hajawasha redio. Saa moja kasoro nafunga daftari, natafuta chai, naanza kutafsiri kwato na midomo. Hayo ndiyo maisha ya mwandishi ambayo watu huuliza yakoje.

Mwaka 2021 nilikuwa Korogwe kumuuguza bibi. Usiku mmoja umeme ulikatika, mimi na mama tukakaa jikoni tukichambua maharage kwa mwanga wa simu. Hapo ndipo mama aliponiambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu kwa karibu miaka 40.

Vijana wenzangu mnaijua 1983 kwa kusoma, kama mnaijua. Vita ya Kagera ilikuwa imekausha hazina, maduka yalikuwa matupu, watu walipanga foleni kununua unga wa yanga, nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Serikali ikatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Wakubwa walikamatwa, na wadogo nao wakakamatwa, hata mwenye kiduka aliyeweka mche wa sabuni uvunguni. Watu walitupa bidhaa mitoni usiku ili wasikutwe nazo. Mjomba wangu alikuwa na duka dogo, na uvunguni mwa kitanda alikuwa na miche minne ya sabuni na doti tatu za khanga.

Mama alikuwa na miaka 16. Bombani rafiki yake akamuuliza mbona gauni lako linanukia? Akajibu, kaka ana sabuni. Baba wa yule rafiki alikuwa balozi wa nyumba kumi. Siku tatu baadaye wakaja. Mjomba alikaa ndani miezi mitatu, alipotoka duka halikuwa duka tena, na hakuna aliyejua habari ilitokea wapi.

“Niliropoka, mwanangu,” mama alisema. “Niliropoka tu.”

Akaendelea kuchambua maharage. Nami, Mungu anisamehe, kichwani nilikuwa tayari natafuta sentensi ya kwanza.

Niliiandika kwa Kiingereza. Ikachukuliwa na jarida la ng'ambo ambalo sitalitaja, wakanilipa dola 100, nikanunua godoro. Mhariri alikuwa mtu mpole na makini, simlaumu kwa lolote. Aliniuliza swali moja tu: je, hapa katikati hatuwezi kupata neno lenye nguvu zaidi? Nikampa. Kiingereza kina neno la mtu anayepeleka habari za mwenzake kwa polisi, na ndilo nililoliweka palipokuwa na “niliropoka”. Kwa Kiswahili ningejikamata mwenyewe, maana kila mtoto wa Korogwe anajua kwamba kuropoka ni jambo moja na kuchongea ni jambo jingine kabisa. Anayeropoka ni mtoto aliyeshindwa na mdomo wake. Anayechongea amekusudia. Kwa neno moja nilimtoa mama yangu bombani na gauni lake linalonukia, nikampeleka mlangoni kwa balozi.

Sikuwa na wasiwasi. Nani Korogwe atasoma?

Bibi alifariki. Kwenye arobaini yake, 2023, baada ya pilau, binamu yangu aliyesoma Nairobi alitoa simu mbele ya wanaume uani akasema, jamani, ndugu yenu ni mwandishi wa kimataifa, ngoja niwasomee. Alikuwa na nia njema, alikuwa anajivuna kwa ajili yangu. Akawa anasoma sentensi ya Kiingereza na kuitafsiri papo hapo, sentensi kwa sentensi, na mjomba alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mbele. Wanawake walikuwa ndani, dirisha lilikuwa wazi. Binamu alipofika kwenye lile neno langu lenye nguvu, alilitafsiri sawasawa. Alisema: “Mama alimchongea kaka yake.”

Sitaeleza kilichofuata, kwa sababu sehemu kubwa si yangu. Nitasema lile tu nililoambiwa mimi. Usiku mama aliniita chumbani, hakugomba, akasema: “Nilikuambia wewe. Sikuwaambia watu.” Mjomba hajakanyaga nyumbani kwetu tangu siku hiyo.

Sasa nirudi kwenye ile kauli ya warsha. Yaliyokupata ni mali yako. Sawa, lakini 1983 mimi sikuwepo. Sabuni haikuwa yangu, wala duka, wala ile miezi mitatu. Kilichonipata mimi ni kuaminiwa jikoni usiku umeme ukiwa umekatika, basi. Ukiisoma vizuri, kauli yenyewe inanihukumu, lakini sisi huinyoosha mpaka imfunike kila aliyewahi kutusimulia jambo. Tumeigeuza familia kuwa shamba lisilo na mwenyewe, tena tunavuna usiku.

Na lugha ndiyo giza lenyewe tunalovunia. Hapa najua nitagombana na marafiki. Mtasema Kiingereza nacho ni lugha yetu, na kwamba hoja hii ilizeeka tangu enzi za Makerere. Sina ugomvi na anayeandika Kiingereza kuhusu mapenzi yake, safari zake au siasa za dunia. Ugomvi wangu ni na yule anayeandika habari za mtu aliye hai katika lugha ambayo mtu huyo hawezi kuisoma, na anayeichagua, tuseme ukweli, kwa kuwa mtu huyo hawezi kuisoma. Kiswahili kina jina la kitendo cha kumsema mtu mahali asipoweza kusikia wala kujibu. Tunaita kusengenya. Kupewa dola 100 hakukibadilishi jina.

Waliotutangulia hawakuwa watakatifu, lakini jambo hili walilielewa. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858 alimwelekea binti yake, kwa lugha ya binti yake, na binti ndiye aliyekuwa msikilizaji wa kwanza. Shaaban Robert aliandika maisha yake mwenyewe, pamoja na kufiwa na mke, kwa Kiswahili ambacho jirani yeyote wa Tanga angeweza kusomewa na kusema hapa umekosea. Alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji ambaye hakupelekwa shule, aliuandika kwa lugha ileile aliyokuwa akiiimba. Sisi tunawaandika mama zetu huku tumewaelekea wahariri.

Wengine hujitetea kwa Ngũgĩ wa Thiong'o: mtu aliyeandika riwaya ya Kigĩkũyũ juu ya karatasi za chooni gerezani Kamiti, na bado kumbukumbu za utoto wake zikatoka kwa Kiingereza mwaka 2010. Ni kweli. Mama yake alikuwa ameshafariki. Wa kwetu wapo, wana simu, wanatuma picha za maua zenye “asubuhi njema” kila siku ya Mungu.

Wengine husema tafsiri itakuja, subirini. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka 1994. Peponi, tafsiri yake ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022. Hiyo ni miaka 28, na ilibidi kwanza mtu apate Nobeli. Tena ile ni riwaya, haikumtaja mama wa mtu. Mama yangu akisubiri miaka 28 atakuwa amepita 80, na mimi sina dalili yoyote ya Nobeli.

Kuna pingamizi moja ambalo silichukulii kimzaha, na wanaolitoa wengi ni wanawake: ukisema mwandishi aombe ruhusa kwa familia, umewapa wabaya kufuli na ufunguo. Baba aliyepiga hataruhusu. Mjomba aliyeingia chumbani kwa mtoto hataruhusu. Shangazi watasema funika kombe mwanaharamu apite, na mtoto atakua na kombe limemfunika yeye. Nakubali lote. Aliyetendewa haombi ruhusa kwa aliyemtenda, na anayemwambia aombe anamtenda mara ya pili. Mwenye jeraha lake aliandike katika lugha yoyote itakayompa pumzi, hata kama ni Kiingereza, hata kama ni kwa sababu Kiingereza ndicho chumba pekee chenye komeo. Lakini tusijifiche nyuma ya watu hao. Wengi wetu hatuandiki majeraha yetu. Tunaandika majeraha ya mama zetu, waliotuonyesha kwa mapenzi. Mama yangu hakunitenda lolote, alinipa maharage nichambue.

Na msiniambie Kiswahili hakilipi. Najua kwa uchungu, mimi ndiye ninayetafsiri dawa za minyoo ya ng'ombe. Zipo tuzo, ipo ya Safal-Cornell, ipo ya Mwalimu Nyerere, lakini tuzo humpata mmoja kati ya wengi, na kodi ya nyumba hailipwi kwa matumaini. Anayeandika Kiingereza ili ale, ale. Namtaka tu kabla ya kutuma afanye kazi moja ya ziada: amsomee mwenye habari, kwa lugha yao, mpaka mwisho, bila kuruka mahali panapouma. Akishindwa kuisoma kwa sauti mbele ya mama yake, ajiulize kwa nini aliweza kuiandika.

Nimekuwa nikifanya hivyo tangu mwaka jana. Naandika kitabu kuhusu babu, aliyekuja Tanga kukata mkonge akiwa manamba, na watoto wake waliozaliwa kambini. Kila sura ikiisha naisoma kwenye simu, namtumia mama ujumbe wa sauti. Sura ya dakika 20 inamaliza bando, kwa hiyo naituma vipandevipande. Naye hujibu kwa sauti, na hapo ndipo nimegundua jinsi nilivyokuwa mvivu.

Niliandika kwamba kambini kulikuwa na njaa. Akanijibu, si njaa, posho ilikuwepo, kilichokosekana ni mboga, na kukosa mboga mwezi mzima siyo njaa, ni kitu kingine, kitafutie jina. Nilitafuta wiki nzima. Niliandika kwamba bibi aliolewa akilia. Akasema nani kakwambia? Bibi yako alicheka mpaka wakamfunika kanga usoni, na hilo ndilo lililomuudhi babu yako. Niliandika kwamba babu alitoka Songea “kutafuta maisha”. Mama akanyamaza kidogo kwenye simu, nikasikia kuku. Kisha akasema: “Waliandikisha watu na kuwapa namba. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Mtu mwenye namba anatafuta maisha gani?”

Sura moja ameikataa. Nilibishana naye siku mbili, nikatumia maneno makubwa ya warsha, sanaa, ukweli, kizazi kijacho. Alisikiliza, akasema, “Nimekuelewa, baba. Itoe.” Nikaitoa. Ilikuwa sura nzuri kuliko zote, na sitasema inahusu nini. Wapo watakaoniita mwoga kwa hilo. Kitabu sasa kina shimo katikati, kati ya sura ya nne na ya tano, na msomaji makini ataliona. Bora alione.

Ile makala ya Kiingereza niliwaandikia wenye jarida waiondoe. Walijibu kwa adabu kwamba wana utaratibu wa kutoondoa kilichokwisha kuchapishwa, wakanipa nafasi ya kuongeza maelezo chini yake. Nimeandika mistari miwili kusahihisha lile neno. Ilinichukua muda kuwaeleza kuropoka ni nini.

Halafu nikaiandika habari nzima upya kwa Kiswahili, ikianzia bombani. Mama aliisikiliza, akasahihisha rangi ya gauni, akasema naweza kuichapisha kwa sharti moja: kwanza isomwe kwa mjomba, na asimsomee mtu mwingine ila mimi. Hii mnayoisoma inatoka kwa sababu Jumapili iliyopita nilipanda basi kwenda Korogwe. Mjomba alinifungulia mlango, akanitolea kigoda, akasikiliza mpaka mwisho akiangalia uani. Nilimuuliza kama naweza kuitoa. Alisema toa. Kisha akauliza kama yule rafiki wa bombani bado yuko hai, nikasema sijui, akasema yeye anajua, yuko Handeni, na miche haikuwa minne, ilikuwa sita.