Ua la juu ya mti na moshi wa jikoni

Mtoto anayeongozana na mama kutafuta kuni huuliza mengi njiani. Swali mojawapo: mmea ule ulioota juu ya tawi, mbali na udongo, unakula nini?

Kwenye miombo ya magharibi mwa Tanzania, mmea huo unaweza kuwa okidi yenye maua ya njano na madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Wataalamu huiita Ansellia africana. Wengi hudhani inaunyonya mti. Si kweli, mti kwake ni makazi tu. Mizizi yake myembamba husimama kama sindano na kufanya kikapu kinachodaka majani makavu na vumbi. Yakioza, ndiyo chakula chake. Maji huyapata kwenye mvua na umande.

Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na hazina akiba ya chakula. Ili ziote, lazima zikutane na kuvu wa aina fulani. Ndiyo maana okidi iliyopotea na mti wake hairudi upesi.

Mtendeli, wilayani Kakonko, ilikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Burundi kuanzia 2016 hadi ilipofungwa 2021. Wakimbizi walipikia kuni, kama wanavyopikia majirani zao wenyeji hadi leo. Kila mzigo wa kuni hutoka msituni.

Mzigo huohuo huingia pia kifuani mwa mtoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema moshi wa jikoni unakaribia kuongeza maradufu hatari ya mtoto kupata maambukizi ya mapafu.

Mzazi, unaweza kupunguza kuni na moshi kwa pamoja:

• Loweka maharage usiku kucha, yataiva haraka.
• Funika sufuria, na tumia kuni zilizokauka vizuri.
• Ukiweza, tumia jiko banifu, na pikia penye hewa.
• Usipike ukiwa umembeba mtoto mgongoni.

Mtoto akipumua haraka, kifua kikibonyea ndani au akishindwa kunyonya, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Na mkienda msituni, okoteni matawi makavu yaliyoanguka. Mti wenye okidi uacheni, mwonyesheni mtoto ile mizizi, naye atapata jibu la swali lake.