Muuguzi Naye Ana Mgongo

Ndugu wakazi wa kambi, wengi wenu husema wauguzi wana hasira. Nakubali, mara nyingine tunazo. Mimi ni muuguzi, na ni mkimbizi kama ninyi; foleni ya mgao napanga pale pale mnapopanga.

Msimu wa mvua uliopita, malaria ilipopanda, mama mjamzito aliletwa usiku kwa baiskeli. Ndugu zake wanne walisimama mlangoni wakingoja mwenye kazi yake ambebe. Nikamnyanyua peke yangu, kutoka chini hadi kitandani. Alijifungua salama, tunashukuru. Mimi nilikaa siku 6 siwezi kuinama hata kuwasha moto, na zamu zangu zikabebwa na mwenzangu ambaye tayari alikuwa amekesha.

Mwongozo wa Sphere, unaofuatwa na mashirika ya misaada, unataka mganga mmoja asione wagonjwa zaidi ya 50 kwa siku. Hata hao 50, kwa saa 8, kila mmoja anapata chini ya dakika 10. Na wote wanaotoka kwa mganga wanakuja kwetu tunaochoma sindano na kugawa dawa.

Uchovu huo hauishii kwetu. Usiku mmoja nilimhesabia mtoto wa kilo 9 vidonge 2 vya dawa mseto badala ya 1. Mama yake akasema, "Dada, asubuhi ulimpa kimoja." Mama yule namkumbuka hadi leo.

Kwa hiyo, mkimleta mgonjwa, wawili wabaki tusaidiane kumnyanyua. Tutawaonyesha: unakunja magoti, si mgongo, unamweka mgonjwa karibu na kifua, mnahesabu na kuinuka pamoja. Na ukiona dozi imebadilika, uliza, hata kama nimekunja uso.

Wakubwa wetu wa afya nao nawaambia humu humu, kwenye karatasi yao: machela yenye magurudumu si anasa, na aliyekesha asipangiwe zamu ya asubuhi. Tumelisema vikaoni, tukajibiwa bajeti. Kikao kijacho cha zahanati na wawakilishi wa zoni, ndugu zangu, lisemeni ninyi. Likitoka kwetu peke yetu linaonekana ni malalamiko ya wafanyakazi tu.