MWEZI USIOKUWA NA BWANA

Wasomaji wenzangu, katika shule yetu tunajua vizuri Ramadhani na Kwaresima, maana wenzetu wengi hufunga na sisi huwaona. Lakini ukiuliza habari za miezi mitakatifu ya Wahindu, wengi wetu hujibu kwa kutikisa kichwa, ingawa Wahindu wamekaa katika miji yetu ya pwani na bara tangu zamani. Nataka kueleza habari za mwezi mmoja wa kalenda yao, kisha nitoe maoni yangu, kwa kuwa naona mwezi huo una neno la kutuambia sote.

Mwezi huo huitwa Adhik Maas, yaani mwezi wa nyongeza. Hauji kila mwaka, na sababu yake ni hesabu. Wahindu huhesabu miezi yao kwa mwandamo wa mwezi, kama tuhesabuvyo Mfunguo Mosi na Mfunguo Pili. Miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354 hivi, na mwaka wa jua ni siku 365. Pana upungufu wa siku 11 hivi kila mwaka. Waislamu hawaongezi mwezi, na ndiyo sababu Ramadhani huzunguka misimu yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Wahindu hupenda sikukuu zao zikae katika misimu yake, kama vile Diwali ambayo huwa daima Oktoba au Novemba. Basi upungufu ule ukikusanyika hata kutimia mwezi mzima, nao hutimia baada ya miezi 32 na nusu hivi, huongeza mwezi wa 13. Katika miaka 19 huongeza mara 7.

Hawauweki popote wapendapo. Wataalamu wao wa nyota hutazama ni mwezi gani ambao jua halikuingia katika buruji mpya tangu mwandamo hata mwandamo. Huo ndio wa nyongeza, nao huchukua jina la mwezi unaofuata. Mwaka 2023 ulitangulia mwezi wa Shravan, kuanzia 18 Julai hata 16 Agosti. Katika mwaka 2026 umetangulia Jyeshtha, kuanzia 17 Mei hata 15 Juni.

Hapo mwisho wa hesabu, na mwanzo wa dini. Kila mwezi wa kawaida, kwa imani ya Wahindu, una bwana wake wa mbinguni anayeutunza. Mwezi huu wa ziada haukuwa na bwana. Watu waliuita Mala Maas, mwezi wenye uchafu. Haikufaa kufanya arusi ndani yake, wala kuhamia nyumba mpya, wala kumvika kijana uzi mtakatifu. Masimulizi yao ya kale husema kwamba mwezi huo, kwa kuona unadharauliwa na kila mtu, ulikwenda kwa Vishnu ukilia. Vishnu akauchukua mpaka kwa Krishna, na Krishna akaupa jina lake mwenyewe, Purushottam, maana yake Aliye Mkuu kupita wote. Akasema tangu siku hiyo yeye ndiye bwana wake, na kwamba ibada itakayofanywa humo itakuwa na thawabu kubwa kuliko ya miezi mingine.

Kwa hiyo mwezi uliokuwa na jina baya ukawa mtakatifu. Hata leo arusi hazifanywi humo, lakini watu hufunga, huoga alfajiri, huwasha taa, husikiliza masimulizi, na husoma mlango wa 15 wa Bhagavad Gita, ambao wenyewe huitwa kwa jina hilo la Purushottam. Hutoa sadaka kwa hesabu ya 33, ambayo ni hesabu ya miungu katika vitabu vyao vya kale. Katika nchi ya Maharashtra watu huwapelekea wakwe zao, waume wa binti zao, vitumbua 33 vya unga wa mchele na sukari guru. Huko Rajgir, katika jimbo la Bihar, watu wengi sana hukusanyika kuoga katika chemchemi za maji ya moto, kwa imani kwamba miungu yote hukaa pale mwezi huo.

Wako wanaosema kwamba hayo yote ni hesabu tu iliyovikwa nguo za dini. Mimi sikubali. Ni kweli hesabu ilitangulia, lakini hesabu haimwambii mtu afanye nini na siku zilizobaki. Watu wale wangaliweza kuziacha zipite bure. Badala yake walisema: mwezi usiofaa kwa arusi wala kwa shughuli za dunia, basi na uwe wa Mungu na wa maskini. Naona hiyo ni hekima. Sisi sote twamtolea Mungu muda unaosalia baada ya kazi zetu, tena kwa kupiga miayo. Wao wameyafanya masalio yenyewe kuwa sehemu iliyo bora.

Lakini sitaki kusifu tu. Hadithi nzuri hupimwa kwa matendo ya wanaoisimulia. Katika nchi hiyo hiyo ya India, kwa karne nyingi, kulikuwa na watu walioitwa wachafu tangu kuzaliwa kwao, wasioruhusiwa kuingia katika mahekalu wala kuteka maji katika visima vya wengine. Waliosikiliza habari za mwezi uliodharauliwa walitoka, wakampita mtu aliyedharauliwa bila kumgusa. Katiba ya India ya mwaka 1950, katika kifungu chake cha 17, iliufuta utengano huo. Dr. Ambedkar, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandika katiba hiyo, mwenyewe alizaliwa miongoni mwa watu hao. Mwaka 1956 aliiacha dini ya Kihindu akaingia dini ya Buddha, na watu kwa malaki wakamfuata. Kwa maoni yangu, kama maana ya Purushottam ingaliingia mioyoni, watu hao wasingalihitaji kuondoka. Mungu akiweza kuupa jina lake mwezi ulioitwa mchafu, ni nani anayeweza kumwita mwanadamu mchafu?

Nasema hivi si kwa kuwacheka Wahindu. Nyani haoni kundule. Waislamu husoma kwamba watu wote ni wana wa Adamu, na Wakristo husoma habari za jiwe walilolikataa waashi likawa jiwe kuu la pembeni. Tumeyasoma, tumejibu mtihani, tumepata alama. Lakini hapa shuleni bado yuko anayekaa peke yake mezani kwa sababu ya kabila lake, au kigugumizi chake, au kwa kuwa karo yake huchelewa kila muhula na jina lake husomwa mbele ya wote. Dini zetu tatu zimekubaliana juu ya jambo hili, na bado mwenzetu hula peke yake.

Basi nawaomba wanafunzi wenzangu mambo mawili, nanyi wazazi na walimu mtusaidie. La kwanza, tukimwona mwenzetu Mhindu amefunga, tumwulize kwa adabu maana yake kabla ya kucheka. La pili, kila mmoja wetu atafute mmoja asiyekuwa na mtu, amwite mezani kwake. Hilo halingojei mwandamo wa mwezi wowote.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne